Bima ya nyumba ya likizo ufukweni: maswali tunayoulizwa sana Diani, Watamu, Kilifi na Lamu

Majibu haya ni ya wenye nyumba za mapumziko pwani ya Kenya, wale wanaoshuka Desemba, Pasaka na Agosti, kisha nyumba ikabaki mikononi mwa mtunzaji. Wengi hutujia na hofu ya bahari. Sisi tukija kukagua nyumba, bahari huwa jambo la tatu. Kwanza tunatazama juu, kwenye paa, halafu tunauliza ni nani anayelala humo mwezi wa Juni. Majibu ya mambo hayo mawili ndiyo yanayopandisha au kushusha ada.

Nitegemee kulipa kiasi gani kwa mwaka?

Bima ya nyumba huku huuzwa kwa mafungu: jengo, vyombo vya ndani, vitu vya kubeba (kamera, kompyuta, saa, vito), wafanyakazi, na dhima yako kwa watu wengine wanaoweza kuumia kwako. Kila fungu lina kiwango chake, kwa hiyo swali la "bei gani?" halina jibu la mkato. Tufanye hesabu moja.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu Diani, kuta za mawe ya matumbawe, paa la makuti. Kuijenga upya ni shilingi milioni 12, vyombo vya ndani milioni 2, vitu vya kubeba 300,000, na wafanyakazi ni wawili. Tuseme kampuni imekupa asilimia 0.6 kwa jengo: hiyo ni 72,000. Vyombo kwa asilimia 1.2 ni 24,000. Vitu vya kubeba kwa asilimia 3 ni 9,000. Wafanyakazi 1,000 kila mmoja, 2,000. Jumla 107,000. Juu yake kuna tozo za serikali: ushuru wa mafunzo asilimia 0.2 (shilingi 214), mchango wa mfuko wa kufidia wenye bima asilimia 0.25 (267.50), na ushuru wa stempu shilingi 40. Unalipa 107,521.50. VAT haimo, bima Kenya haitozwi.

Viwango nilivyotumia ni vya kuonyeshea hesabu tu, kila kampuni ina vyake na hubadilika. Tozo ndizo zisizobadilika kati ya kampuni na kampuni. Ukiona kwenye ankara jina la tozo nyingine yoyote, uliza ni ya nani.

Hivi makuti yanaongeza kiasi gani?

Rudia hesabu ya juu, jengo lile lile, ila sasa paa ni la vigae na kiwango kimeshuka hadi asilimia 0.15. Fungu la jengo linatoka 72,000 hadi 18,000. Tofauti ya 54,000 kila mwaka ni ya paa peke yake.

Kampuni za bima hugawa majengo katika makundi mawili: yaliyojengwa kwa mawe, matofali au zege na kuezekwa kwa vigae, mabati au zege, na yale mengine. Makuti ni "mengine". Kuna kampuni zisizoyagusa kabisa, na nyingine huyakubali baada ya kumtuma mkaguzi tu. Sababu unaiona ukisimama sebuleni na kutazama juu: makuti makavu yamepangwa tabaka juu ya tabaka, yamefungwa kwa kamba kwenye pao, pao kwenye kombamoyo, na kombamoyo zimelala juu ya boriti za mikoko. Chini yake pako wazi, upepo unaingia kutoka baharini na kutokea nyuma. Ndiyo raha ya nyumba hizi, na moto ukishika hupata hewa ile ile. Ukianzia kwenye ukingo wa paa wakati wa kaskazi, mara nyingi hakuna la kufanya ila kutoa watu.

Tena moto wenyewe si lazima uwe wako. Jirani anachoma majani makavu, cheche inabebwa. Ndiyo maana mkaguzi hupima kwa hatua umbali kati ya paa lako na makuti ya jirani, na huandika. Atatazama pia jiko liko wapi (jiko la mkaa chini ya ukingo wa paa ni kosa ambalo halitasameheka), nyaya za umeme zimepitaje kwenye boriti, kama ziko ndani ya mabomba au zimening'inia, kinga ya radi, tangi la maji na pampu isiyotegemea umeme wa nyumba, na gari la zimamoto litatoka wapi. Kwa nyumba nyingi za ufukweni jibu la hilo la mwisho ni "mbali".

Nikipulizia dawa ya kuzuia moto, nitapunguziwa?

Pengine. Wengine hupunguza, wengine huifanya sharti la kukubali nyumba na hawapunguzi chochote. Jua kwamba mvua huiosha dawa. Bila stakabadhi ya kupulizia upya, na tarehe yake, ile ya miaka mitatu iliyopita haikusaidii siku ya madai. Kwa maoni yangu fedha hiyo huzaa zaidi ukiitia kwenye pampu ya dizeli, mpira wa maji unaofika ukingoni mwa paa, na mafunzo ya nusu siku kwa mtunzaji.

Niandikishe nyumba kwa bei niliyonunulia?

Hapana. Hapa ndipo watu hupoteza fedha kwa njia zote mbili.

Ukinunua nyumba ya ufukweni, sehemu kubwa ya bei ni kiwanja. Kiwanja hakiungui. Aliyenunua kwa milioni 45 na kukatia bima milioni 45 nyumba inayojengeka kwa 12 analipia hewa kila mwaka, maana kampuni italipa gharama ya kujenga tu, basi.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Nyumba inajengeka kwa milioni 12, wewe ukaandika 8 ili ada ipungue. Jikoni na chumba kimoja vimeungua, hasara milioni 3. Ungedhani 3 iko ndani ya 8, utalipwa yote. Kampuni itasema umekatia bima theluthi mbili ya nyumba, kwa hiyo italipa theluthi mbili ya hasara: milioni 2, ikitoa na eksesi, yaani kile kipande cha kwanza cha hasara ambacho hubebwa na mwenye nyumba siku zote. Milioni moja na ushei ni yako. Kanuni hiyo ya uwiano iko karibu katika kila mkataba, na ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi tunaouona.

Mwite mkadiriaji majenzi akupe thamani ya kujenga upya, aingize na gharama ya kuondoa kifusi na ada ya msanifu. Fanya tena kila miaka michache, kwani saruji na boriti hazibaki bei moja.

Nyumba hukaa tupu miezi minane. Kwa nini nisilipie minne tu?

Kwa sababu miezi hiyo minane ndiyo ya hatari. Wewe ukiwapo, bomba likipasuka utasikia. Harufu ya waya unaoungua utaisikia pia. Nyumba tupu mwezi wa Mei, masika imekaza na kusi linavuma, inaweza kuvuja wiki mbili pasipo mtu kujua. Bima ya miezi michache ipo, lakini hutozwa kwa jedwali la muda mfupi, na miezi minne hugharimu zaidi ya theluthi ya ada ya mwaka. Halafu unabaki wazi wakati wa mvua. Sijaona nyumba ya pwani ambayo hesabu hiyo inaifaa.

Ila kuna jambo kubwa kuliko hilo. Fungua mkataba wako utafute kifungu cha nyumba kukaa bila mtu. Mara nyingi kinataja siku 30 mfululizo, wengine 60. Zikipita, kinga ya wizi husimama, na mara nyingi pia ya maji yaliyopasuka na ya uharibifu wa makusudi. Wengine husimamisha hata moto. Mkataba huo uliandikwa ukimfikiria mtu anayeishi nyumbani kwake Nairobi na kusafiri wiki mbili. Wewe unauvunja kila mwaka bila kukusudia, na ada unaendelea kulipa kamili.

Dawa yake ni kusema mapema, kwa maandishi, kwamba hii ni nyumba ya msimu na hukaa bila familia miezi kadhaa. Kampuni itaandika nyongeza ya mkataba, huenda ikaongeza ada kidogo na kuweka masharti: maji yafungwe kwenye vali kuu, mitungi ya gesi itolewe nje, swichi kuu izimwe isipokuwa ya pampu na taa za usalama, na mtu azunguke nyumba kila siku na kutia sahihi daftarini. Daftari hilo la shilingi mia mbili ndilo mkaguzi hulitaka kwanza baada ya hasara. Likiwa na tarehe zilizojazwa zote siku moja, kwa kalamu moja na mwandiko usiotetereka, atalijua.

Mtunzaji wangu analala kwenye kibanda cha nyuma. Si ina mtu basi?

Wewe unaona ina mtu. Mkataba unaweza kuona vingine, kwa kuwa kibanda ni jengo jingine. Usibishane nao baada ya hasara. Taka iandikwe sasa kwamba mtunzaji anayelala ndani ya uwanja anahesabika kama mkaaji. Sentensi moja inatosha, na kampuni nyingi hukubali.

Nyumba yetu iko wazi upande wa bahari, haina hata madirisha. Wizi unalipwa?

Soma neno kwa neno. Kinga ya wizi kwa kawaida hudai kuvunja na kuingia kwa nguvu: kitasa kilichong'olewa, dirisha lililokatwa, alama zinazoonekana. Nyumba ya mtindo wa Shela kule Lamu, au wa Watamu, baraza wazi moja kwa moja hadi sebuleni, haina cha kuvunja. Mwizi amepanda kutoka ufukweni, amechukua spika na televisheni, amerudi na njia ya maji. Hakuna alama. Dai litakataliwa na kampuni itakuwa na haki.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulipia zaidi ili sharti la kuvunja liondolewe, jambo ambalo si kampuni zote hulifanya. Ya pili ni chumba kimoja cha stoo chenye mlango mzito, kufuli mbili na nondo, na vyote vya thamani huingizwa humo siku unapoondoka. Mkataba utasema hivyo, na vilivyobaki nje havihesabiki. Tunapendekeza ya pili.

Na wizi wa mfanyakazi wako mwenyewe hauko ndani ya kinga ya kawaida. Kuna bima ya uaminifu wa wafanyakazi, lakini kwa nyumba moja huwa haina maana kifedha.

Na bahari yenyewe?

Bima ya moto hupanuliwa kuingiza dhoruba, mafuriko na kufurika kwa bahari. Hakikisha hilo la mwisho limetajwa kwa jina lake. Kisicholipwa ni bahari inapokula taratibu. Kila bamvua, maji yanapojaa sana, inachukua mchanga kidogo, mwaka wa tano ngazi zinaning'inia: huo ni uchakavu, si ajali. Ukuta wa kuzuia mawimbi, uzio, ngazi za kushukia na bwawa la kuogelea havimo katika "jengo" mpaka viorodheshwe kila kimoja na thamani yake, na ukuta wa baharini ndio wanaoukataa mara nyingi.

Tazama pia ukuta huo umesimama wapi. Kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 62, ardhi yote kati ya alama ya maji makuu na ya maji madogo ni ya umma. Aliyejenga mbele ya alama ya maji makuu anaikatia bima mali iliyo kwenye ardhi isiyo yake, na bima haitamlinda siku serikali itakapouvunja.

Kutu ya chumvi kwenye bawaba, mabati na paneli za sola: hakuna anayeilipa popote.

Nimesoma kuhusu Florida na ada zao za upepo. Tunaelekea huko?

Hali zetu si moja. Kule eksesi ya kimbunga huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya nyumba, kwa hiyo mtu hujibebea sehemu kubwa ya hasara kabla kampuni haijatoa senti. Diani iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na vimbunga vya Bahari ya Hindi hupata tabu kujizungusha karibu namna hiyo. Lakini si hadithi za mbali kabisa: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Tanzania upande wa Mafia, na mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 yalifika mpaka hapa. Tetemeko, tsunami na dhoruba viwemo kwenye mkataba wako. Haviongezi sana.

Kima wamepasua vigae na kumwaga kabati lote la jikoni.

Pole. Karibu na msitu wa Diani hilo ni la kawaida, na kampuni nyingi huwaweka kima, tumbili, panya, popo na mchwa kwenye kundi moja la wanyama waharibifu wasiolipwa. Wavu ni nafuu kuliko barua za madai.

Nikiwapangisha wageni miezi nisiyokuwapo?

Mwambie wakala wako kabla mgeni wa kwanza hajaingia. Bima ya nyumba ya kuishi hukatika pale nyumba inapogeuka biashara, na kampuni ikigundua tangazo lako mtandaoni baada ya moto, umeipa sababu ya kutolipa. Utahitaji dhima kubwa zaidi kwa ajali za wageni (bwawa, ngazi zinazoteleza, kayaki), kinga ya kipato kinachopotea wakati wa ujenzi, na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo kampuni huiulizia. Ada itapanda. Kwa upande mwingine, nyumba inayopangishwa haikai tupu, na hilo unaweza kulitumia katika mazungumzo.

Mtunzaji, mpishi na askari: ni lazima wawemo?

Ndiyo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na msimu hauna nafasi humo. Kwa ulemavu kamili wa kudumu fidia ni mishahara ya miezi 96. Kwa mtunzaji wa shilingi 15,000 hiyo ni 1,440,000. Linganisha na ile 1,000 ya ada. Fundi wa makuti anayekuja siku tatu kubadilisha paa ni suala jingine: dai aonyeshe bima yake, ama umuongeze kwako kwa muda huo. Mtu akianguka kutoka kwenye boriti, hakuna atakayeuliza kama alikuwa kibarua.

Fujo za uchaguzi na ugaidi?

Vurugu za kisiasa na ugaidi hununuliwa kando. Baada ya ghasia za 2007 na 2008 wengi waligundua hivyo kwa kuchelewa, wakishika mikataba iliyotaja migomo na fujo lakini ikiwa imeondoa zile za kisiasa. Katika kaunti ya Lamu, tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, kampuni hutazama kinga hii kwa jicho kali na kuipangia bei kwa nyumba moja moja. Inunue mapema, ukingoja mwezi wa kampeni utauziwa ghali au hutauziwa.

Nyumba yangu iko mji wa kale wa Lamu. Kuna tofauti?

Kubwa. Mji huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na huwezi kuinua tena ukuta ulioanguka kwa matofali ya zege. Ni mawe ya matumbawe, chokaa, boriti na milango ya kuchonga, kwa idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vifaa huja kwa chombo, kisha punda, kisha mabega ya watu. Gharama ya kujenga upya kwa mita moja haifanani na ya Kilifi, na anayekukadiria kwa bei za bara anakuandalia ile hesabu ya theluthi mbili. Gari la zimamoto nalo halipiti vichochoroni. Jambo moja linakusaidia: nyumba nyingi za kale za mji zina dari nzito ya chokaa, na paa la namna hiyo hupata kiwango bora kuliko makuti ya Shela.

Ninaishi Uingereza, au Oman. Naweza kukata bima huku niliko?

Kwa mali iliyo Kenya, hapana, isipokuwa umepata idhini. Sheria ya Bima, sura ya 487, kifungu cha 20, hairuhusu bima ya mali iliyo hapa kupelekwa kwa kampuni isiyosajiliwa Kenya bila ruhusa ya Kamishna wa Bima. Mkataba wa London unaweza kuwa mzuri kwa maandishi na bado ukakuletea matatizo siku ya kulipwa. Kata hapa. Kama nyumba ni ya thamani kubwa, kampuni ya hapa itapeleka sehemu ya hatari nje yenyewe.

Naweza kulipa kidogo kidogo?

Kisheria kinga huanza ada ikishalipwa. Benki kadhaa hukopesha ada na wewe ukalipa kwa miezi, pamoja na riba. Ukikosa mwezi mmoja benki inaweza kuomba mkataba ufutwe, na barua itatumwa kwa anwani ya nyumba ambayo haina mtu. Andikisha anwani ya barua pepe unayoisoma.

Na ng'ambo ya mpaka, Paje au Pangani?

Makuti ni yale yale na maswali ya mkaguzi ni yale yale. Tanzania Bara, ada ya bima ya nyumba hutozwa VAT, kwa kawaida asilimia 18, kwa hiyo usilinganishe bei ya Tanga na ya Diani kabla ya kuiondoa. Msimamizi wa bima huko ni mamlaka iitwayo TIRA.

Hasara ikitokea nami niko mbali, mtunzaji afanye nini?

Apige simu kwako na kwa wakala siku ile ile, aende polisi achukue namba ya OB (daftari la matukio la polisi) kama ni wizi au moto, apige picha kabla ya kugusa kitu. Azuie hasara isikue (turubai juu ya paa, maji kufungwa) na atunze stakabadhi za kazi hiyo, maana hulipwa. Asitupe vilivyoungua mpaka mkadiriaji wa hasara afike, hata vikinuka. Na asimruhusu fundi yeyote kuanza kuezeka, hata kama ni binamu yake na bei ni nzuri. Nakala ya mkataba, picha za kila chumba na stakabadhi za vyombo zisikae ndani ya nyumba hiyo hiyo. Zitume kwenye simu ya mtu wa familia, na namba ya wakala ibandikwe ukutani kwenye kibanda cha mtunzaji.